Miezi sita chini ya wakili: jinsi ya kuchagua ofisi na kuomba nafasi ya uanagenzi

Kijana akihitimu digrii ya sheria, nyumbani huchinjwa mbuzi na majirani huanza kumwita "wakili" siku hiyo hiyo. Kwa mujibu wa sheria za Kenya, bado si wakili. Miaka minne ya chuo kikuu imempa shahada tu. Mbele yake kuna Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya, kile kinachojulikana kama KSL, kule Karen, Nairobi. Kuna mitihani inayosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Kisha kuna miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mwenye uzoefu kabla ya kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu.

Miezi hiyo sita ndiyo inayowapiga chenga vijana wengi wa mashambani. Ada ya KSL inaweza kuchangiwa na ukoo, basari ya kaunti au mkopo wa HELB. Mitihani inaweza kusomewa. Lakini nafasi ya uanagenzi haigawiwi kama vitanda vya bweni. Mwanafunzi huitafuta mwenyewe, ofisi kwa ofisi, na mara nyingi anashindana na wenzake ambao wajomba zao ni mawakili. Ofisi anayoingia inaweza kumtengeneza au kumpotezea nusu mwaka akibeba faili na kuagiza chai.

Makala haya ni ya kijana huyo, na pia ya mzazi anayemtumia nauli kwa simu bila kuelewa kwa nini mtu mwenye digrii bado anaomba nauli.

Uanagenzi ni nini hasa

Wanafunzi wenyewe huuita pupileji. Ni mafunzo ya kazini. Mwanagenzi anawekwa chini ya wakili mmoja anayewajibika kwake. Hapa tutamwita wakili mlezi. Si kila wakili anaweza kuwa mlezi. Lazima awe amefanya kazi ya uwakili kwa muda usiopungua miaka 5 na awe na cheti halali cha kumruhusu kufanya kazi hiyo mwaka huo. Vyeti hivyo huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo aliyekuwa nacho mwaka jana anaweza kuwa hana mwaka huu.

Kule KSL mwanafunzi husoma masomo 9, yakiwemo uendeshaji wa kesi za madai na za jinai, mirathi, uhamishaji wa ardhi, uandishi wa hati za kisheria, maadili ya kazi na usimamizi wa ofisi ya mawakili. Alama hugawanywa hivi: asilimia 60 ni mtihani wa kuandika, 20 ni mtihani wa mdomo, na 20 ni kazi za mradi. Mtihani mkubwa huwa Novemba, na wengi huanza uanagenzi mwanzoni mwa mwaka unaofuata.

Ukiitazama orodha hiyo ya masomo, utaona ofisi nzuri ni ipi: ni ile ambayo ndani ya miezi sita itakuonyesha kwa macho sehemu kubwa ya uliyoyasoma darasani. Usome jinsi ya kuandika hati ya kiapo, kisha uandike moja ya mteja wa kweli, wakili aichoraichore kwa kalamu nyekundu, uirudie, na mwishowe uione ikiwasilishwa mahakamani. Hilo darasa halikupi.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua kwa makini. Sheria ya Mawakili haimruhusu wakili mpya kufungua ofisi yake mwenyewe mara tu anapoapishwa. Anatakiwa kwanza afanye kazi ya kuajiriwa kwa miaka 2, kwa wakili mwenye uzoefu unaotakiwa, katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, au katika shirika lililoidhinishwa. Ndoto ya kurudi kijijini na kutundika kibao mlangoni mwezi unaofuata kiapo haipo. Na mara nyingi ofisi inayomwajiri wakili mpya ni ile iliyomwona akifanya kazi kama mwanagenzi.

Nairobi au mji wa kaunti?

Wanafunzi wengi hukimbilia Nairobi bila kufikiri mara mbili. Wamesikia majina ya kampuni kubwa za Upper Hill na Westlands. Nyingine ni za zamani kweli: Hamilton Harrison & Mathews, ambayo sasa iko chini ya jina la Dentons HHM, ilianzishwa 1902. Kampuni za aina hii zina mawakili kwa makumi, idara mbalimbali, maktaba, na wateja kama mabenki na makampuni ya kigeni. Anayetaka sheria ya biashara, mikopo mikubwa, kodi au ununuzi wa makampuni, hapo ndipo pake. Baadhi hulipa posho nzuri kuliko ofisi ndogo. Ushindani nao ni mkali, na kuna usaili wa hatua mbili au tatu, pengine na mtihani wa kuandika.

Lakini fikiria kazi yenyewe. Katika kampuni kubwa mwanagenzi anaweza kukaa idara moja miezi mitatu akisoma mikataba kurasa kwa kurasa, asikanyage mahakamani. Si ubaya, ndivyo kazi ile ilivyo. Ofisi ya mawakili wawili au watatu katika mji wenye Mahakama Kuu, tuseme Kakamega, Kisii, Machakos, Meru, Kitale au Malindi, huenda Jumatatu ikawa na kesi ya wizi wa ng'ombe, Jumanne mgogoro wa mpaka wa shamba katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Jumatano wajane wawili wanaogombania mirathi, na Alhamisi dhamana ya kijana wa bodaboda. Mwanagenzi hapo anaenda mahakamani karibu kila siku. Anamjua karani wa masjala kwa jina. Anajifunza jinsi ya kuzungumza na mzee ambaye hati yake ya shamba bado iko kwa jina la babu yake aliyefariki zamani, na hilo ndilo tatizo la ardhi linalowasumbua wengi wa wasikilizaji wetu.

Maoni yetu ni kwamba, kwa kijana anayetaka kusimama mahakamani na ambaye hana mtu wa kumlipia kodi ya nyumba Nairobi, ofisi nzuri ya mji wa kaunti ni chaguo la kwanza, wala si la kufa maji. Tofauti za zamani zimepungua. Uwasilishaji wa hati kwa njia ya mtandao ulianza mahakama za Nairobi Julai 2020 na kufikia 2024 ulikuwa umepelekwa nchi nzima. Kesi nyingi hutajwa kwa njia ya video. Mwanagenzi aliye Embu anaweza kufuatilia asubuhi kesi iliyoko Milimani akiwa mezani pake. Upande wa ardhi bado kuna tofauti: mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 kwa kuanzia Nairobi, na kwingineko makaratasi yamebaki na nguvu kwa muda mrefu. Ukifunzwa mahali pa makaratasi utajua kutafuta faili. Ukifunzwa Nairobi utaujua mfumo. Mwenye bahati hupata vyote.

Usizisahau ofisi za umma na mashirika. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu na ile ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma huchukua wanagenzi, na nafasi hutangazwa kwenye tovuti zao na magazetini. Anayependa kesi za jinai atajifunza mengi kwa waendesha mashtaka. Kuna pia mashirika ya msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, na FIDA Kenya, kilichoanzishwa 1985 na ambacho kinajulikana kwa kesi za wanawake na watoto. Kabla ya kukubali nafasi ya aina hii, hakikisha kuna wakili anayestahili kuwa mlezi wako na kwamba KSL itaitambua.

Kuichunguza ofisi kwa simu yako

Watu huuliza ofisi ni kubwa kiasi gani. Swali la maana zaidi ni kama mlezi ana muda na wewe. Wakili mashuhuri anayeonekana kwenye televisheni kila jioni anaweza kuwa mlezi mbaya kwa sababu hiyo hiyo: hayupo.

Anza na Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK. Kwenye tovuti yake kuna sehemu ya kutafuta wakili kwa jina na kuona kama cheti chake kiko hai. Inachukua dakika mbili na haimalizi bando. Ukiona wakili ambaye ulitaka awe mlezi wako hana cheti cha mwaka, simama hapo uulize. Inaweza kuwa ni kuchelewa kulipa tu, au inaweza kuwa adhabu ya kinidhamu. Kwa vyovyote vile, usije ukamaliza miezi sita kisha ukaambiwa haihesabiki.

Kisha nenda kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu za mahakama huwekwa bure. Tafuta jina la ofisi hiyo. Mwishoni mwa hukumu nyingi huandikwa ni wakili gani alimwakilisha nani. Kwa kusoma hukumu nne au tano utajua kama ofisi inajishughulisha na ajali za barabarani, ardhi, kazi na ajira, au mirathi. Utaona pia majaji walisema nini kuhusu hoja zao. Wachache wanaoomba uanagenzi hufanya hivi, ingawa ni kazi ya jioni moja, na baadaye itakusaidia kuandika barua.

Ukiweza kufika mjini, ingia mahakamani ukae nyuma. Mahakama ni wazi kwa umma, hakuna anayepaswa kukuuliza umetumwa na nani mradi uwe kimya na simu umeizima. Mtazame wakili unayemfikiria. Je, amekuja amejiandaa au anaomba kesi iahirishwe kila mara? Anazungumzaje na mteja wake pale koridoni? Amefuatana na mwanagenzi, na mwanagenzi huyo ana daftari mkononi au amebeba mkoba tu?

Hakuna ushahidi unaopita wa waliotangulia. Tafuta mtu aliyefanya uanagenzi pale mwaka jana au mwaka juzi. Usimuulize, "Ni pazuri?" maana atajibu "Ni sawa." Muulize hati ngapi aliandika mwenyewe, alienda mahakamani mara ngapi kwa wiki, nani alikuwa akimsahihishia kazi, saa ngapi alikuwa anatoka ofisini, na kama alilipwa chochote. Muulize pia kama aliyekuwa kabla yake alimaliza. Ofisi inayotoroshwa na wanagenzi katikati ina jambo.

Suala la pesa, tuliseme wazi

Kijana mwingi huona haya kuuliza kuhusu posho. Anaogopa kuonekana ana tamaa. Ukweli ni kwamba ofisi zinatofautiana sana. Zipo zinazolipa posho ya kila mwezi, zipo zinazotoa nauli na chakula cha mchana, na zipo zisizotoa hata senti, zikiamini kwamba mafunzo ndiyo malipo. Mwanagenzi asiyejua hilo mapema hujikuta mwezi wa pili amekwama.

Fanyeni hesabu nyumbani kabla ya kutuma barua. Tuseme chumba cha kupanga ni shilingi 7,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 42,000. Matatu shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, siku 22 za kazi kwa mwezi, ni 4,400, na kwa miezi sita ni 26,400. Chakula shilingi 300 kwa siku ni 54,000 kwa miezi sita. Jumla ni 122,400 kabla ya nguo, dawa na bando. Badilisha tarakimu kulingana na mahali ulipo. Mwenye shangazi Kisumu anayeweza kumpa kitanda amefuta shilingi 42,000 kwenye hesabu hiyo, na huenda shangazi huyo ana thamani kuliko jina kubwa la kampuni ya Nairobi.

Kuhusu nguo, mahakama inataka nadhifu na rangi za heshima: suti nyeusi au bluu iliyokolea, shati jeupe, viatu vilivyopigwa rangi. Suti ya mitumba iliyorekebishwa na fundi na kupigwa pasi vizuri haitofautishwi na ya dukani. Mbili zinatosha. Usikope kwa ajili ya suti.

Swali la posho liulizwe usaili unapokwisha, kwa adabu na kwa maneno machache: "Mheshimiwa, naomba kujua kama ofisi ina utaratibu wowote wa posho au nauli kwa wanagenzi, ili nijipange." Wakili anayekasirishwa na swali hilo amekupa jibu la maana.

Na ukiambiwa ulipe ili upewe nafasi, iwe ni kwa wakili, karani wake au mtu wa WhatsApp anayedai ana "mtu ndani", usitoe pesa. Nafasi ya uanagenzi hainunuliwi.

Barua inayosomwa

Ofisi za mawakili hupokea maombi mengi yanayofanana. Barua huandikwa kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, pamoja na wasifu wako wa kurasa zisizozidi mbili na nakala za matokeo. Tuma mapema, miezi kadhaa kabla ya tarehe ya kuanza; kampuni kubwa hufunga milango mapema kuliko ndogo. Anayeanza kuulizia Desemba kwa nafasi ya Januari anaokota yaliyobaki.

Kosa kubwa ni kuandika barua moja na kuituma kwa ofisi 40 ukibadilisha jina tu. Msomaji hulijua hilo kwa sentensi ya kwanza. Barua hizo husema mwombaji ni mchapakazi, ana ari na angependa kujiunga na "kampuni yenu tukufu". Haziambii ofisi chochote. Linganisha na barua inayosema hivi, kwa maana yake: nimesoma hukumu mbili za Mahakama ya Mazingira na Ardhi ambazo ofisi yenu iliwakilisha wadai wa shamba la familia, mimi nimekulia katika boma lenye kesi kama hiyo, nazungumza Kiluhya na Kiswahili vizuri, na ningependa kujifunza uendeshaji wa kesi za ardhi chini yenu. Sentensi hiyo moja imebeba mambo matatu ambayo mwingine hana.

Usiidharau lugha ya nyumbani. Katika ofisi ya mji wa kaunti, mwanagenzi anayeweza kumsikiliza bibi wa miaka 80 kwa lugha yake na kuyaandika maelezo yake kwa Kiingereza cha mahakama bila kuyapotosha ni hazina. Andika lugha hizo kwenye wasifu, juu, si kwenye mstari wa mwisho chini ya "napenda kusoma na kusafiri".

Kazi ulizofanya nyumbani nazo zina nafasi yake. Kama uliuza duka la mama yako na kutunza daftari la madeni, ulikuwa unashika pesa za watu na kuweka kumbukumbu. Kama ulikuwa katibu wa chama au wa vijana kanisani au msikitini, umeandika kumbukumbu za mikutano. Yataje kwa ufupi na bila chumvi. Mwenye ofisi anataka kujua kama unaaminika, kwa sababu atakukabidhi faili zenye hati asili za ardhi ambazo zikipotea hazipatikani tena.

Elekeza barua kwa mtu, si kwa "yeyote anayehusika". Jina la wakili liandikwe sawasawa. Kumkosea mtu jina lake ni njia ya haraka ya kutupwa kando. Angalia pia anwani yako ya barua pepe. Ile uliyofungua kidato cha pili ukiwa na jina la mchezaji mpira, iache ipumzike.

Kwa ofisi ndogo, barua pepe peke yake inaweza kulala bila kufunguliwa. Ipeleke kwa mkono. Vaa vizuri, fika asubuhi kabla mawakili hawajaenda mahakamani au alasiri wakisharudi, na umsalimie karani wa mapokezi kwa heshima ile ile utakayompa mwenye ofisi. Karani huyo ndiye anayeamua barua inafika juu ya meza au inabaki chini ya rundo. Baada ya wiki mbili bila jibu, piga simu mara moja. Ukikosa tena, songa mbele.

Ukiitwa usaili

Utaulizwa kwa nini sheria, kwa nini ofisi hii, na pengine utapewa kisa kidogo: mteja amekuja, amenunua shamba kwa makubaliano ya mdomo, muuzaji amefariki, afanye nini? Hawatarajii ujue kila kifungu. Wanatazama kama unauliza maswali kabla ya kujibu. Kuna maandishi yoyote? Nani yuko ndani ya shamba sasa? Kuna aliyefungua kesi ya mirathi ya marehemu? Kijana anayesema "sina hakika ya kifungu hicho, lakini ningeangalia Sheria ya Ardhi na Sheria ya Mikataba kwanza" anamzidi anayebahatisha kwa sauti kubwa.

Nawe uulize. Nani hasa atakuwa mlezi wangu? Nitapita katika kazi za aina gani? Nikiwa na somo la kurudia mtihani, nitapewa siku za kwenda kulifanya? Swali hili la mwisho wengi hulificha. Mitihani ya KSL ni migumu na kurudia somo si jambo geni. Ni afadhali mlezi ajue mapema kuliko kutoroka ofisini siku ya mtihani.

Ukikubaliwa, omba barua ya kukubaliwa yenye tarehe ya kuanza, jina la mlezi na utaratibu wa posho kama upo. Makaratasi ya KSL yajazwe na kusainiwa mwanzoni, si mwezi wa nne. Hesabu ya miezi sita inategemea kumbukumbu hizo.

Ndani ya ofisi

Siku za kwanza utatumwa. Utapeleka hati, utapiga nakala, utasubiri masjala hadi miguu iume. Usilalamike mapema, kwa sababu ndipo unapojifunza faili inavyotembea. Lakini wiki ya sita ikifika na bado hujaandika hata barua moja, mwendee mlezi wako faraghani umwombe kazi maalumu: "Wakili, naomba nijaribu kuandika hati ya kiapo ya kesi ile ya mirathi, unisahihishe." Wengi hukubali. Walisahau tu.

Mwanagenzi hana ruhusa ya kujiita wakili, wala kupokea pesa za mteja kwa kesi yake binafsi, hata kama mteja ni jirani wa kijijini anayesema "si wewe ni wakili wetu?" Mweleze, kisha umpeleke kwa mlezi wako. Siri za wateja nazo zinakubana kama zinavyombana wakili mwenyewe. Picha ya hati ya kesi kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia inaweza kukukatia njia kabla hujaapishwa, kwani wanaoapishwa hutakiwa kuthibitishwa kuwa ni watu wa maadili mema.

Kuna jambo zito ambalo wazazi wanapaswa kulisikia. Mwanagenzi yuko chini ya mtu mmoja ambaye saini yake ndiyo inayoamua kama atamaliza. Walezi wengi ni watu wema, lakini nguvu ya aina hiyo inaweza kutumiwa vibaya, na wasichana ndio huumia zaidi. Unyanyasaji wa kingono kazini ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na aliyevaa joho haachwi nje ya sheria hiyo. Andika tarehe na kilichotokea, hifadhi ujumbe wa simu, na uwaone wasimamizi wa uanagenzi KSL. Inawezekana kuhamia kwa mlezi mwingine, lakini wasiliana na KSL kabla ya kuondoka ili muda uliokwisha kuutumikia usipotee bure. Mzazi akisikia mtoto anasema "nataka kuacha ofisi ile", amuulize kwa upole kwa nini, kabla ya kumkumbusha ada iliyolipwa.

Mwezi wa nne ndio wakati wa kuuliza kama ofisi ina nafasi ya kukuajiri ukishaapishwa. Baada ya uanagenzi na kufaulu mitihani yote, maombi ya kuapishwa huandikwa kwa Jaji Mkuu, kisha hufuata kiapo, jina kuingizwa katika orodha ya mawakili, na cheti cha kwanza cha kufanya kazi. Hatua hizo huchukua muda, na kati ya mwisho wa uanagenzi na siku ya kiapo kunaweza kuwa na miezi mitupu isiyo na posho wala mshahara. Mlezi akikujibu kwamba hana nafasi, mwombe barua ya kukupendekeza, na uanze kuzungusha maombi mengine ukiwa bado una meza ya kukalia.